Kilo za Mama Mwenye Mimba

Wapitao barabara itokayo Goma kwenda Sake waijua Mubambiro: mawe meusi ya volkano, udongo mchache juu yake, na Ziwa Kivu kando. Mwaka 2023 palikuwa na kambi ya watu waliokimbia vita. Na Februari 2024, mapigano yalipoikaribia Sake, wengi walishika tena njia ya Goma. Katika misafara ile walikuwamo wanawake wenye mimba, sufuria kichwani na mtoto mgongoni, na mashamba yao ya maharagwe yamebaki milimani. Nayataja hayo mapema, kwa kuwa atakaye kumshauri mama mjamzito juu ya uzito wake yampasa kukijua kwanza chungu chake.

Waganga wa Marekani waliandika mwaka 2009 kwamba mwanamke mwenye uzito wa kadiri yafaa aongezeke kilo 11 na nusu hadi 16 katika mimba nzima. Aliye mwembamba aongezeke zaidi, kilo 12 na nusu hadi 18. Mnene aongezeke kidogo kuliko hao. Nimewasikia akina mama wakicheka kwa hesabu hiyo: “Je, nitazaa mtoto wa kilo kumi na mbili?” Sivyo. Mtoto ni kilo tatu na kitu. Kondo la nyuma na maji yanayomzunguka mtoto ni kama kilo moja na nusu. Tumbo la uzazi lakaribia kilo moja. Damu ya mama nayo huongezeka, na matiti pia. Sehemu iliyobaki ni maji ya mwili na akiba ya mafuta, ambayo Mwenyezi Mungu amemwekea mama kwa siku za kunyonyesha.

Kwetu wako bibi wasemao kwamba mjamzito asile sana, mtoto asije akawa mkubwa na kumtesa mama siku ya kuzaa. Mimi siwacheki. Mahali ambapo hospitali ya kupasulia iko mbali na barabara imefungwa kwa vita, uzazi mgumu ni kaburi. Lakini njaa haipanui nyonga ya mama. Humpunguzia nguvu yeye, na mtoto azaliwaye chini ya gramu 2500 hupata baridi upesi, hunyonya kwa unyonge, na maradhi humshinda kwa urahisi. Mwenye kuogopa uzazi mgumu ahudhurie kliniki mapema, na mwezi wa tisa akae karibu na nyumba ya wazazi.

Vita na mimba vimekwisha kupimwa pamoja kwa mizani. Katika baridi ya 1944 hadi 1945, Wajerumani waliwafungia chakula watu wa magharibi ya Uholanzi. Wanawake walioshikwa na njaa ile katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba walizaa watoto waliopungukiwa kama gramu 300. Chakula kiliporudi, uzito wa watoto nao ukarudi.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba, penye upungufu wa chakula, wajawazito wafundishwe namna ya kuongeza chakula cha nguvu na cha kujenga mwili. Tena wapate vidonge vya madini ya chuma kila siku, na kuonana na wauguzi mara nane. Kufundishwa huko si hotuba baada ya Misa. Mtakatifu Luka asimulia kwamba Bikira Maria alikaa kwa Elisabeti kama miezi mitatu. Hakupita mlangoni akatoa maagizo na kwenda zake. Mshauri mwema huketi, huuliza kilichopikwa jana, hupatana na mama jambo moja tu, kisha hurudi juma lijalo kuona limewezekana au la.

Na jambo hilo liwe dogo: kijiko cha mafuta ya mawese katika sombe, parachichi moja saa nne, konzi ya sambaza waliokaushwa, waliwe na vichwa vyao. (Samaki hao wenyewe ni wageni katika Kivu, waliletwa kutoka Tanganyika kama mwaka 1959.) Udongo ambao wengine hupenda kuutafuna auache, maana huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Lakini yako maneno yawapasayo akina baba. Katika nyumba nyingi nyama huenda kwa baba na wageni, naye mama hukwangua sufuria. Kisha huyo huyo huteka maji na kubeba bidoni na makala juu ya mawe makali, hata chakula kidogo alichokula kikaishia njiani. Kumshauri mke peke yake, mume na mama mkwe wasiwepo, ni kumwongezea huzuni.

Uzito ukiruka ghafula, uso na mikono ikavimba, kichwa kikauma au macho yakaona giza, hicho si kinono; apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na ikiwa utepe wa kupimia mkono wa juu waonyesha chini ya sentimita 23, na chungu ni kitupu, shauri la kula zaidi halina kazi hapo. Mama huyo aandikishwe kituo cha afya kwa chakula cha nyongeza, na jina lake lifike kwa Caritas ya parokia kabla ya Jumapili.