Kucha za kudumu: tuchague kwa kazi ya mikono yetu



Kila mwaka, majuma machache mbele ya tarehe 8 Machi, swali ni lile lile katika kundi letu. Kitenge tumeshonesha, nywele tumesuka, sasa kucha tufanye nini ili zidumu? Ninalipenda swali hilo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bukavu, na ninapoandika ubaoni watoto zaidi ya hamsini wanaitazama mikono yangu. Mama kupendeza si dhambi wala si upuuzi. Lakini ninaona tunauliza tu rangi na bei, na kusahau kuuliza mikono yetu inafanya kazi gani.

Tuanze na zile tunazoziona. Verni ya kawaida, ile ya vijana wanaopita mtaani wakigonganisha vichupa, inaweza kufika juma moja. Kwa mkono unaofua na kuosha sufuria kila siku, inaanza kubanduka siku ya tatu au ya ine. Jeli inayokaushwa kwa taa inadumu majuma 2 hadi 3. Kucha za kubandika kwa gundi zinapendeza haraka, lakini maji yakiingia chini yake yanabaki pale, na vijidudu vinazaa. Ukiona kucha yako imekuwa ya kijani, ndiyo sababu. Akriliki, ile ya unga na maji yenye harufu kali, ni ngumu zaidi, lakini kila majuma 2 au 3 lazima urudi kujazia nafasi ya kucha iliyoota.

Mdogo wangu ni mshonaji. Mwaka jana alipaka jeli kwa ajili ya harusi, na ilikaa vizuri kabisa. Shida ilikuja siku ya kuiondoa. Nyumba ya urembo alipokwenda ilikuwa na wateja wengi, na badala ya kulowesha wakakwangua kwa wembe. Jeli ilitoka na ngozi ya juu ya kucha. Kucha zikabaki nyepesi kama karatasi, hata kushika sindano kulimwumiza. Alirudisha kazi za watu akiwa amekwisha kula avansi. Kucha ya mkono inaota karibu milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo yote kubadilika inachukua karibu miezi sita. Alingoja miezi hiyo, na karo ya watoto haikungoja.

Kwa hiyo mimi ninasema: jeli haiharibu kucha kama wengi wanavyodai; kinachoharibu mara nyingi ni namna ya kuiondoa. Njia nzuri ni kukwangua kidogo ule mng'ao wa juu kwa tupa laini, kuweka pamba yenye asetoni, kufunika kwa karatasi ya aluminiamu, na kungoja dakika 10 hadi 15. Ikigoma, ongeza dakika, usiongeze nguvu. Na fanya hivyo mbali na moto wa makala, maana asetoni inawaka upesi sana.

Kabla ya kukaa kwenye kiti, uliza mambo matatu. Kuondoa ni bei gani, na mnaondoaje? Tupa na mikasi mnasafishaje kati ya mteja na mteja? Umeme ukikatika, mna njia gani nyingine? Jeli isiyokauka vizuri ikigusa ngozi inaweza kuleta mwasho na vipele, na mwili ukiisha kuikataa, huenda ukaikataa maisha yako yote.

Wako wale ambao ningewashauri wakae na kucha fupi. Muuguzi na mkunga: tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Ulimwenguni linawaomba wanaogusa wagonjwa wasivae kucha za bandia, na za asili zisizidi nusu sentimita. Mama mwenye mtoto mchanga: kucha ndefu inakwaruza, na uchafu unajificha chini yake. Anayekanda unga au kusafisha sambaza, vilevile. Na mama anayekaribia kujifungua aondoe verni, kwa sababu muuguzi anatazama rangi ya kucha kujua kama damu imepungua, na rangi nzito inaweza kusumbua kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni.

Kama pesa ni kidogo, verni ya kawaida inaweza kudumu zaidi kuliko tunavyozoea. Usiloweshe kucha kwanza, maana inavimba na maji, halafu ikikauka verni inapasuka. Pangusa mafuta yote kwa disolva. Paka tabaka nyembamba mbili, kila moja ikauke, kisha verni ya kung'arisha, ukipitisha burashi hata kwenye ncha ya kucha. Siku hiyo mwachie mwingine vyombo. Baada ya siku mbili au tatu ongeza tabaka moja ya kung'arisha.

Siku nyingine, kucha inaomba vitu vidogo: vazelini au mafuta ya mawese kidogo usiku, glavu za mpira unapotumia javeli, na ile ngozi ya chini ya kucha isikatwe, maana ndiyo mlango unaozuia vijidudu. Kucha ikigeuka rangi, ikinenepa au ikiuma, usiifiche kwa verni. Ipeleke kituo cha afya.

Katika kundi letu ninapendekeza kila mama awe na tupa yake mwenyewe ndani ya mkoba. Ni kitu cha bei ndogo. Tukienda pamoja kutengeneza kucha za sikukuu, kila mmoja atoe yake.