Siku ya Tatu Nilipewa Kitambaa

Mwezi wa Septemba, mwaka wa 1959, niliwasili Marekani kwa masomo, nikapokewa katika jimbo la Iowa na mkulima mmoja wa mahindi pamoja na mkewe. Usiku wa kwanza mama yule aliponikaribisha chakula nilikataa kwa adabu, kama ilivyo desturi yetu, nikingoja kushurutishwa. Naye akaondoa sahani! Nililala na njaa.

Siku ya tatu, tulipokwisha kula, mwenye nyumba alinipa kitambaa nikaushe vyombo. Moyo wangu uliwaka. Huko Kenya nilikwisha kuwa boi wa mzungu. Je, nimevuka bahari kuirudia kazi ile ile? Nilipoinua macho nilimwona bwana yule, mzee kuliko baba yangu, amekunja mikono ya shati, anaosha sahani niliyolia mimi. Hasira ikageuka haya.

Ndugu wasomaji, wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la nyumba ile lilikuwa kitambaa. Tangu jioni ile sikuwa mgeni tena, wala sikukataa chakula.