Tendaguru hadi Lindi kwa miguu, asikwambie mtu!

Siku hizi mjini kila mtu mkimbiaji. Pita Daraja la Tanzanite Jumamosi alfajiri, utadhani kuna moto mahali watu wanaukimbia. Kumbe ni klabu za jogging, fulana za rangi moja, simu mkononi, na kiongozi anapuliza filimbi. Mwisho wa safari ni supu na picha. Mie sisemi vibaya, maana nami nimo, na medali tano zimening'inia ukutani kwangu Tabata.

Lakini mbio ninazotaka kukusimulia leo, msomaji wangu, hazina medali, hazina fulana wala namba ya kifuani. Ni kilomita kama 60, kutoka kilima cha Tendaguru hadi bandari ya Lindi. Na walioipiga njia hiyo kwa nyayo zao hawakujua kama kuna siku mtu ataiita michezo.

Wenye fani yao wanasema mbio yoyote inayozidi zile kilomita 42 na mita 195 za marathoni ni ultramarathoni. Afrika Kusini wanayo Comrades tangu 1921, inakaribia kilomita 90. Ulaya wanazunguka Mont Blanc, kilomita zaidi ya 160 za kupanda na kushuka. Na hapa kwetu yupo Simon Mtuy, ambaye mwaka 2006 aliupanda Kilimanjaro na kushuka bila kusaidiwa, chini ya saa 10. Sasa nikajiuliza: na Kusini je? Kusini tuna nini zaidi ya korosho?

Jibu nilikuwa nalo nyumbani siku zote. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Lindi. Alituambia kwamba baba yake shingo ilikuwa haigeuki vizuri, na utosini palikuwa na kipara cha duara kama sahani. Tukiuliza kwa nini, anajibu, "Alibeba mifupa ya zimwi." Sisi tunacheka, tunadhani hadithi za kulalia.

Haikuwa hadithi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani kutoka makumbusho ya Berlin, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba Tendaguru mifupa ya dinosaria, wanyama walioishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Wachimbaji walikuwa watu wa huku huku, na wakati kazi imepamba moto walifika mia kadhaa, wengine na wake zao na watoto. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha juzi tu, 1907, na njaa iliyofuata ilikuwa imekausha vijiji. Juu ya hayo kodi ya Mdachi ilitaka fedha, si mtama. Basi mtu ungechagua nini?

Gari hakuna, reli hakuna, na punda angeliwa na mbung'o. Mifupa ikafungwa, ikatiwa kwenye masanduku na matenga ya mianzi, ikapanda vichwani na mabegani mwa watu. Ile mikubwa ilining'inizwa kwenye miti, wakaibeba kwa makundi. Siku tatu au nne hadi Lindi, kisha kugeuza kwenda kuchukua mwingine. Kwa njia hiyo zilitoka tani zaidi ya 200. Hebu rudia kusoma, msomaji: tani, kwa vichwa!

Basi mwaka jana mwezi wa nane, kiangazi kimekolea, nikapanda basi la Kusini. Wazee wanakumbuka enzi za kivuko cha Rufiji, kabla ya Daraja la Mkapa la 2003, safari hiyo ilikuwa na kulala njiani. Mie nilipita Nangurukuru bado nina usingizi wa Dar.

Mwenyeji wangu upande wa Mipingo alikuwa kijana wa rika langu, mkulima wa ufuta. Mie nimevaa raba za bei mbaya, maji mgongoni lita tatu, saa inayohesabu mapigo ya moyo. Yeye amevaa yeboyebo na panga mkononi. Akaniangalia juu mpaka chini, akauliza, "Mjomba, unakwenda vitani?"

Tuliondoka saa 10 alfajiri kwa tochi. Pale kilimani hakuna la kupigia picha: mashimo ya zamani yaliyomezwa na vichaka, basi. Njia ya leo nayo si ileile hatua kwa hatua. Unafuata vijia vya mashambani, unashuka mabondeni kwenye udongo mweusi uliopasuka kiasi cha kumeza kisigino, unapanda tena kwenye mchanga mwekundu unaorudi nyuma kila ukikanyaga. Kukimbia kwenyewe ni pale pale panapokubali.

Halafu kuna msitu. Ukifika pande za Noto unakuta vipande vya misitu ya kale ya pwani, miti imeshikana juu mpaka saa 6 mchana unadhani magharibi imeingia. Mizizi imetambaa njiani kama miguu ya mtu aliyelala, na ukiinua macho kumtazama hondohondo, umekwenda chini. Upupu nao ulinikamata mapajani. Jamani, upupu! Mwenyeji akanizuia nisijikune wala nisimwagie maji, akanipaka majivu ya moto wa juzi wa warina asali. Nikatulia kidogo, yeye akacheka sana.

Chakula chetu kilikuwa ming'oko ya kuchemsha na chumvi. Zile jeli za wakimbiaji nilizonunua mjini nilimwonjesha, akatema na kuuliza kama ni dawa ya viatu.

Mchana tulikuta kina mama wawili wanapandisha mahindi kilimani kutoka mtoni. Nikaamkia, nikaomba nimsaidie mmoja. Debe la mahindi ni kilo 18 au 20 hivi, wakati mzigo wa kawaida wa mpagazi wa zamani ulikuwa kilo 25 hadi 30. Akanitengenezea ngata kwa kanga yake, akanitwika. Mwanzoni raha, najiona mwanamume. Baada ya dakika tano shingo ikaanza kutetemeka. Huwezi kutazama miguu, huwezi kugeuka, nzi akitua puani ni wa kwako mpaka mwisho. Pumzi inakuwa fupi kwa sababu kifua hakitanuki. Tulipofika juu saa yangu ilionyesha dakika 22, mapigo 181. Mama yule akajitwika debe lake, akasema, "Ahsante mwanangu," akaendelea kuongea na mwenzake pale pale walipoishia.

Hapo ndipo kile kipara cha babu kilipoacha kuwa hadithi kwangu. Dakika 22 na siku nne, msomaji, fanya hesabu mwenyewe.

Tuliingia Lindi saa 3 usiku, kucha mbili zimekufa, taa za mji zinacheza kwenye maji ya ghuba. Mwenyeji wangu akanunua sigara moja, akaulizia gari la kurudi asubuhi. Kesho yake alikuwa na ufuta wa kupepeta.

Leo mmoja wa wanyama wale amesimama Berlin, urefu wa mita 13 na ushei, tangu 1937. Kurudi kwake au kutorudi kumezungumzwa mpaka Bungeni, na mjadala huo ni mkubwa kuliko safu hii. Mie nina dogo langu. Majina ya maprofesa yameandikwa. Kwa upande wetu anatajwa Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, na wachache wengine. Wale wa vichwani, mamia kwa mamia, jina lao ni "wapagazi" tu. Vijana waliotoka Kusini kuja kutembeza bidhaa Kariakoo walibandikwa jina la Wamachinga, kabila la huko huko Lindi. Ni kama kutembea na mzigo kumekuwa jina letu la ukoo.

Kwenye fomu za mbio huwa kuna nafasi ya jina la timu. Miaka yote niliacha wazi. Mwaka huu nimejaza: Wapagazi wa Tendaguru. Mpaka sasa tuko wawili, mie na yule bwana wa yeboyebo, ambaye amekubali kwa sharti la kulipiwa nauli. Nafasi zipo, kaka na dada. Kiingilio ni debe moja la mahindi, na ngata uje nayo mwenyewe.