Gita la Safari

Wale wa parokia yetu wamekwisha kutuona siku ya posho asubuhi, tukifunga nyuma ya baisikeli kitu kilichoviringishwa katika gunia, nao wametuuliza mara nyingi kama ni jembe au bunduki ya kuwindia. Si jembe, wala si bunduki. Ni gita la umeme, fupi, nasi tulilitengeneza kwa mikono yetu nyumbani kwa Baba yetu, chini ya mwembe, hapa Lubumbashi. Kwa kuwa maswali hayaishi, na kwa kuwa vijana kadhaa wametuomba vipimo, tumeona vema kueleza habari yote, pamoja na makosa, maana afichaye makosa yake huwaharibia wenzake mbao.

Kazi yetu ya juma ni kufundisha darasa. Siku ya posho twaenda kufundisha nyimbo katika kapela za vijijini. Gita la kawaida lina urefu wa karibu mita 1, na tumbo lake ni mbao nyembamba lisilo na kitu ndani. Mwezi wa Desemba 2021, wakati wa mvua, tulilipandisha gita letu juu ya lori lililojaa magunia ya mahindi. Tulipofika tukalikuta limevunjika shingo, pale pale kichwa kinapoanzia. Noeli ile kwaya iliimba bila gita, nao watoto walilia kuliko sisi. Fundi mmoja alitutajia bei ya gita jipya. Tulimshukuru tukaenda zetu.

Katika nchi yetu ya Katanga gita si kitu kigeni. Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, alipiga gita kwa kidole gumba na kidole cha shahada kana kwamba watu wawili wanapiga pamoja, na Hugh Tracey alipomsikia Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, alinasa nyimbo zake zikaenda ng'ambo. Baada yake vijana wengi walichonga magita ya mikebe na mbao za masanduku, na nyuzi wakazitoa katika waya wa breki za baisikeli. Basi tulijiambia: wao waliweza, kwa nini sisi tusiweze?

Lakini tulitaka gita lisilovunjika njiani. Gita la umeme halihitaji tumbo, kwa kuwa sauti yake haitoki katika ubao bali katika sumaku na waya. Les Paul wa Marekani, yapata mwaka 1940, alitia nyuzi juu ya kipande kinene cha mti wa kujengea, na gita likalia. Na mwishoni mwa miaka ya 1970 Ned Steinberger, wa Marekani vilevile, aliondoa hata kichwa: nyuzi zikafungwa juu tu, na skurubu za kuzikaza zikahamishwa nyuma ya daraja. Ukiondoa tumbo na kichwa, kinachobaki ni shingo na ubao mdogo wa kukalia daraja. Sisi tulichagua urefu wa nyuzi wa milimita 600, na gita zima likawa milimita 720. Laingia katika gunia la unga.

Hapa yatupasa kusema habari ya Baba yetu. Alikuwa seremala katika karakana ya kampuni ya madini mpaka alipostaafu, na vyombo vyake vyote angali anavitunza: randa, patasi, misumeno, tupa, kila kimoja na mahali pake. Tulipoingia Seminari Ndogo mwaka 2001, alinunua mbao mbili za mulombwa, akazikausha, akaziweka chini ya kitanda chake. Hakuna aliyeambiwa ni za nini, na kila mtu alijua: zilikuwa za kutengenezea kiti cha kupigia magoti siku ya Misa yetu ya kwanza. Miaka ile alituita «Padri», kwa utani na kwa furaha. Mwaka 2013 tuliacha Seminari Kuu kabla ya ushemasi, kwa shauri la wakubwa wetu na kwa dhamiri yetu wenyewe. Baba hakutugombeza. Tangu siku ile alituita «Mwalimu», kwa adabu, kama mtu anavyomwita mgeni, na mbao zikakaa pale pale chini ya kitanda. Tulimwomba ruhusa ya kutumia vyombo vyake chini ya mwembe. Akajibu: «Tumia, Mwalimu. Ukimaliza uvirudishe.»

Tulinunua sokoni ubao wa mkaratusi, kwa kuwa ulikuwa rahisi. Kisha tukaanza hesabu ya vyuma vya shingo, vile vinavyogawanya sauti. Katika siku za masomo tulisoma kwamba Vincenzo Galilei, baba yake yule mtaalamu wa nyota, alifundisha mwaka 1581 kanuni ya kumi na nane: gawanya urefu wa uzi kwa 18, weka chuma cha kwanza, gawanya kilichobaki kwa 18, weka cha pili, na kuendelea hivyo. Kanuni nzuri, tena ya kitabu! Tulipiga hesabu usiku kwa taa ya betri, maana umeme ulikuwa umekatika, tukapiga mistari, tukakata mifereji, tukabandika ndani yake vipande vya spoku za baisikeli, tukafunga nyuzi.

Chini, karibu na kichwa, sauti zilikuwa njema. Kadiri tulivyopanda shingo zilizidi kulegea. Tulilaumu nyuzi. Tukalaumu masikio yetu. Jioni tatu tulikaza na kulegeza uzi ule ule, na Baba amekaa kwenye kiti chake barazani, anasikia, hasemi neno.

Jioni ya nne alikuja akasimama juu yetu. Akauliza: «Chuma hiki cha kumi na mbili, kazi yake kukaa wapi?»

Tukajibu: «Katikati ya uzi, Baba. Hapo sauti hurudi ile ile, juu.»

Aliingia ndani, akatoka na uzi wa kushonea. Akauvuta toka juu mpaka darajani, akaukata, akaukunja mara mbili, akaulaza juu ya shingo. Kunjo la uzi lilikipita chuma cha kumi na mbili kwa milimita mbili na zaidi.

«Kitabu chako kilisemaje?»

«Kumi na nane, Baba.»

«Na uzi unasemaje?»

Hatukuwa na la kujibu. Usiku ule tulirudia hesabu kwa utaratibu. Ukigawanya kwa 18 mara kumi na mbili, chuma cha kumi na mbili huangukia milimita 297.8, wala si 300. Ili hatua kumi na mbili zilingane na kufikia nusu kamili, yapasa kugawanya kwa 17.817. Kwa urefu wetu, chuma cha kwanza huwa milimita 33.7 toka juu, cha pili 31.8 toka cha kwanza, na hivyo mpaka mwisho. Wazee wa Italia hawakuwa wajinga: kidole kikibonyeza uzi huukaza kidogo, na sauti hupanda kidogo, basi kosa la 18 lilijificha. Kwetu, nyuzi zikiwa chini karibu na vyuma, halikujificha. Vijana walioomba vipimo na waandike 17.817, halafu wapime kwa uzi.

Asubuhi tulimwambia Baba kwamba twaweza kusogeza daraja mbele milimita nne na kidogo, na kosa karibu lote litakwisha. Aliinua ubao, akautazama kwa jicho moja kama atazamavyo ukingo wa mlango. «Daraja utalisogeza,» akasema, «lakini mkaratusi huu utapinda kabla ya Paska. Tayari umeanza.» Ilikuwa kweli. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi, mchana na usiku, na mti usiotulia haustahimili.

Akaingia chumbani. Tulisikia kitanda kikiburutwa. Akatoka na ubao mmoja wa mulombwa, mwekundu-kahawia, mkavu, unene sentimita 4, vumbi la miaka zaidi ya ishirini juu yake. Akaupangusa kwa mkono wa shati. Tulitaka kusema neno, lakini yeye alikuwa amekwisha kuufunga kwenye meza ya kazi na kushika kalamu.

«Wee mtoto, shika hapa,» akasema.

Mulombwa ni mti uletao maji mekundu kama damu ukikatwa, na ukikauka haujikunji sana wala haupindi upesi. Ndiyo sababu maseremala wa kwetu huupenda. Siku tatu tulifanya kazi pamoja. Hatukuchonga shingo mbali na kiwiliwili. Vyote ni ubao mmoja toka juu mpaka chini, kwa hiyo hakuna kiungo cha kuvunjika. Baba alichonga mgongo wa shingo kwa kisu cha mikono miwili. Mikono yake hutetemeka akishika kikombe cha chai. Juu ya ubao haikutetemeka. Nyuma ya daraja tulitia skurubu ndefu sita zenye nati, kila moja yavuta uzi wake. Gita zima lina uzito wa karibu kilo 2.

Sasa mikro, ndiyo roho ya jambo. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba nguvu ya sumaku ikibadilika ndani ya waya uliozungushwa, umeme huzaliwa. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku hufanya mabadiliko hayo. Uzi wa nailoni haufanyi kitu, basi msijisumbue. Na tusidhani ni ufundi wa Wazungu tu: Mingiedi Mawangu wa Kinshasa, mwenye kundi la Konono Nº1, aliyefariki mwaka 2015, alitengeneza mikro za likembe zake kwa sumaku za magari mabovu, na dunia ikasikia.

Sisi tulivunja sumaku ya kipaza sauti kilichokufa, tukapata kipande kirefu. Juu yake tukasimamisha skurubu sita, moja kwa kila uzi, na kuzizunguka tukaviringisha waya wa transfoma mbili kuukuu, mwembamba kuliko sehemu ya kumi ya milimita. Mizunguko 6,000! Tulitumia kekee ya mkono: ukizungusha mpini mara moja, mdomo wake huzunguka mara nne. Watoto walihesabu kwa maharagwe, haragwe moja kwa kila mizunguko mia ya mpini, mpaka yakatimia 15. Mdogo wao alitaka kuhesabu kwa rozari, mama yake akamkanya. Waya ulikatika mara mbili, tukaukwaruza rangi, tukaulehemu. Mwishowe kipimo kilionyesha omu 2,700 hivi. Mikro za viwandani mara nyingi huwa na 5,000 mpaka 8,000, kwa hiyo yetu ina sauti ya chini kidogo, lakini safi.

Tulipoliunganisha mara ya kwanza katika umeme wa nyumba, lilivuma kama mzinga wa nyuki. Tulipogusa kwa kidole chuma cha tundu la waya, mvumo ukatulia. Ndipo tulipotambua kwamba tumesahau kuunganisha daraja na waya wa chini. Waya mmoja mfupi, na mvumo ukapungua. Lakini mwangalie sana, vijana: tangu hapo nyuzi zimeungana na mashine, na mashine mbovu ya umeme wa nyumba yaweza kumwua mpigaji, zaidi akisimama peku kwenye sakafu yenye maji. Sisi vijijini twatumia kisanduku kidogo chenye betri ya volti 9, kisichofikia wati moja. Kwa kapela ya watu hamsini chatosha, mradi ngoma ipigwe kwa adabu.

Tulilipeleka kapelani mara ya kwanza siku ya posho kabla ya Matawi, mwaka 2022, kwa ruhusa ya Padri Paroko. Wanawake wa kwaya walilicheka kwanza, wakisema gita limekatwa kichwa kama kuku. Kisha likalia, wakanyamaza, wakaanza kuimba. Jioni Baba alikuwa akitungoja barazani. Hakuuliza kama watu walifurahi. Aliuliza kama shingo imekaa sawa baada ya jua la njiani, akaitazama kwa jicho moja, akaturudishia.

Ubao wa pili ungali chini ya kitanda chake. Hatukuuliza habari zake. Wanafunzi wawili wa darasa la sita wameanza gita la kwao, nao walikuja kutaka hesabu. Tuliwaandikia namba katika karatasi, kisha tukawatuma kwa Baba wakaonyeshwe uzi.