Ndiva ya Sauti
Mjini Same, mwalimu mstaafu aliifungua kompyuta yake kongwe ili aitie diski ya pili. Ya kwanza ilijaa sauti za wazee wa milimani wakisimulia kwa Chasu, wengi wao marehemu, nayo ilikwisha anza kukwaruza. Kati ya gigabaiti 160, mashine ilizitambua 137 tu, upeo wa nyingi zilizoundwa kabla ya 2002. Zilitosha. Wapare hukinga maji ya usiku katika bwawa liitwalo ndiva, wakayafungulia mashamba kunapokucha. Ndiva isiyofunguliwa hainyweshi mmea. Usiku kucha sauti zilinakiliwa, alfajiri mwalimu hakuifunga kompyuta, alimwamsha mjukuu wake asiyejua Chasu, akamwambia: “Keti, usikilize.”