Merikebu ndani ya Chupa

Leo twende pamoja mpaka Greenwich, mtaa wa jiji la London huko Uingereza, ukingoni mwa mto Thames. Ni mahali pa mabaharia tangu zamani. Ukishuka mashuani utaona kwanza Cutty Sark, merikebu iliyoundwa mwaka 1869, ambayo siku hizi imepumzika nchi kavu pamoja na milingoti yake mitatu. Lakini sisi tusogee mbele kidogo, mpaka Makumbusho ya Taifa ya Mambo ya Bahari. Hapo nje imelazwa chupa kubwa ajabu: urefu wake karibu metri 5, upana wake karibu metri 3. Ndani yake mna merikebu nzima iliyotweka matanga!

Aliyeifanya ni Yinka Shonibare, msanii aliyezaliwa London mwaka 1962 akakulia Lagos, Nigeria. Ni mfano wa Victory, manowari ya jemadari Nelson, uliopunguzwa mara 30, nao una matanga 37. Tarehe 21 Oktoba 1805, karibu na rasi ya Trafalgar katika pwani ya Hispania, Nelson aliwashinda Wafaransa na Wahispania. Naye mwenyewe akapigwa risasi, akafa siku ileile. Tangu hapo Waingereza wakawa wakubwa wa bahari, wakaeneza biashara na utawala wao katika nchi nyingi za mbali, hata Nigeria.

Tazameni sasa matanga yenyewe. Yana maua na rangi kali. Mama wa Bukavu au wa Lubumbashi akipita pale atasema mara moja: «Kumbe, vitenge vyetu!» Je, ni vyetu kweli? Watu wa Java, katika Indonesia, walikuwa na ufundi wa kutia vitambaa nakshi kwa nta. Waholanzi waliowatawala wakaiga kazi hiyo kwa mashine katika karne ya 19, kisha wakaviuza vitambaa Afrika ya Magharibi. Waafrika wakavipenda, wakavipa majina, wakavifanya vazi la heshima. Basi mwenye kuyatazama matanga hayo hana budi kujiuliza: njia zilizofunguliwa kwa mizinga zilimletea nani faida, na nani hasara?

Kazi hii iliwekwa kwanza katika uwanja wa Trafalgar Square mwaka 2010. Mwaka 2012 watu wengi walichanga fedha ili isipotee, ikaletwa Greenwich.

Inapitaje shingoni?

Shonibare hakuanzisha ufundi huu. Katika mji wa Lübeck, Ujerumani, imehifadhiwa merikebu ya chupani yenye mwaka 1784, nayo ni miongoni mwa zile za kwanza zinazojulikana. Tena Wajerumani walikuwa na «chupa za subira»: ndani yake walipanga vipande vidogo vya mti, vikaonyesha kazi za machimboni, au Msalaba wa Bwana pamoja na misumari, nyundo na ngazi. Baadaye mabaharia wa merikebu za matanga, waliokaa miezi mingi majini mbali na jamaa zao, walijifariji kwa kazi hiyo. Kisu, uzi na kipande cha mti vilitosha.

Watu hudhani kwamba chupa ilikatwa kitako. Sivyo. Siri yake ndiyo hii. Fundi huchonga kiwiliwili chembamba kinachopita shingoni. Kila mlingoti huwekewa bawaba ndogo ya waya chini yake, ili ulale kuelekea nyuma. Nyuzi hufungwa milingotini, zikapitishwa katika matundu ya omo, yaani sehemu ya mbele, zikaachwa ndefu. Matanga hugandishwa upande mmoja tu, yapate kukunjika. Chupani hutandazwa kwanza bahari ya gundi ngumu yenye rangi ya buluu. Ndipo merikebu huingizwa, nyuma ikitangulia, milingoti imelala, nyuzi zikining'inia nje. Ikiisha kukaa imara, fundi huvuta nyuzi polepole, na milingoti yote husimama pamoja. Hutia gundi matunduni kwa kijiti kirefu, na ikikauka hukata nyuzi.

Lakini kabla ya hayo yote amekwisha kuisimamisha merikebu yake mezani mara nyingi, amepima urefu wa mlingoti na nafasi iliyo juu ya bahari. Mlingoti ukizidi kidogo tu, hausimami. Chupani si mahali pa kusahihisha. Kazi yote imekwisha kufanyika nje.

Enyi wanafunzi, chupa nyeupe tupu hazikosekani kwetu, wala mti mwororo. Si lazima mwanze na manowari ya Nelson. Wavuvi wa sambaza katika ziwa Kivu huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti, na miti mingine mirefu hutokeza mbele na nyuma ili kushika wavu. Hakika miti hiyo nayo yaweza kulazwa na kuvutwa kwa uzi. Nani atakuwa wa kwanza kuiingiza chupani?