Kikosi cha Pili, Tabora

Ukimwuliza mtu mzima wa Mwanza habari za Vita vya Kagera, mara nyingi ataanza na swala wa Saanane. Siku za mwisho za Machi 1979 ndege kubwa ya Libya, aina ya Tupolev 22 iliyoundwa Urusi, ilikuja kuipiga bohari ya mafuta ya mji wetu. Ikakosa shabaha. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye bustani ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1964, yakaua swala kadhaa na kumjeruhi mtu mmoja. Tulicheka kwa miaka mingi. Vilabuni, kwenye mialo, hata misibani, hadithi ya rubani aliyevuka nchi nzima kuja kuua swala haikukosa wa kuisimulia. Mimi pia nilicheka. Mjomba wangu hakucheka hata mara moja, na ni juu yake nataka kuandika.

Mjomba aliishi Igogo, akawa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha kuchambulia pamba. Kaptura yake ya kaki ilipigwa pasi ya mkaa mpaka ikakata kama wembe, na viatu vyake ungeweza kujitazama ndani yake. Aliamka kabla ya jogoo. Alitandika kitanda akakaza shuka hata shilingi ukiitupa inaruka. Tulijua kuwa zamani alikuwa askari wa Keya, lakini alikuwa Keya ya wapi na aliacha lini, hakuna aliyemwuliza. Mke wake alitukonyeza tukianza tu kuuliza, na mtoto wa Kisukuma akikonyezwa na mkubwa hunyamaza.

Baadaye, nilipokuwa mtu mzima na kuanza kusoma, ndipo nilipoielewa njia aliyoipita. Ndugu msomaji, historia ya jeshi la upande wetu wa magharibi ni kama nguo iliyobadilishwa rangi mara nyingi huku kitambaa kikibaki kilekile. Mwanza ilikuwa boma la Wajerumani hadi Julai 1916, Waingereza walipoitwaa kwa kikosi chao cha ziwani chini ya Jenerali Crewe. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora. Mwaka 1917 Waingereza wakaunda batalioni ya 6 ya Keya, na miongoni mwa watu wake walikuwamo askari waliokuwa wakimtumikia Mjerumani jana yake. Wana wao na wajukuu wao wakapelekwa vita vya pili, Uhabeshi, Madagaska na Burma. Uhuru ulipofika mwaka 1961, Keya wa Tanganyika wakageuzwa jina wakaitwa Tanganyika Rifles. Kikosi cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam katika kambi ya Colito, na cha pili Tabora katika kambi ya Kalewa. Majina yote mawili yalikuwa ya mapigano ya mbali, Colito ya Uhabeshi na Kalewa ya Burma. Bendera ilikuwa mpya, lakini maafisa wengi walikuwa bado Waingereza na mshahara ulikuwa bado mdogo.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito wakaasi. Kesho yake wakafuata wa Tabora. Siku tano baada ya ule usiku wa kwanza, makomando wa Kiingereza, walioombwa na serikali yetu wenyewe, wakatua Colito kwa helikopta kutoka manowari ya Centaur, na uasi ukaisha. Jeshi lile likavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na mkuu wake wa kwanza akawa Mrisho Sarakikya, aliyekuwa kapteni Tabora siku zile za machafuko. Tabora haikuacha kuwa mji wa askari. Ndiko yalikokuja kuwa makao ya brigedi ya 202, brigedi ya magharibi, iliyoutazama mpaka wetu wa upande huu.

Haya yote sikuyajua mwaka 1978. Nilikuwa kidato cha tatu, na kama vijana wengi wa kidato cha tatu nilijiona najua mengi. Siku moja mwalimu wetu wa siasa alitufundisha jinsi JWTZ lilivyozaliwa, akafika kwenye maasi, akayataja majina ya kambi. Niliposikia Tabora, nikakumbuka kuwa mjomba alirudi nyumbani kutoka Tabora, na mama alikuwa akisema alirudi mwaka niliokuwa mtoto mchanga. Nikajumlisha moja na moja. Jioni tulikuwa tumekaa kwa mjomba tunakula ugali kwa furu wa kukaanga, watu wazima na watoto. Nikasema kwa sauti, huku nikicheka, "Kumbe mjomba nawe ulikuwa mwasi!"

Hakuna aliyenijibu. Mjomba alinawa mikono, akachukua rungu lake na koti, akaenda kazini saa nzima kabla ya zamu. Mwanawe wa kwanza, binamu yangu, aliyekuwa na miaka ishirini na alikuwa akijifunza ufundi wa magari, alinitazama kwa macho ambayo mpaka leo nayaona. Yeye pia hakuwa anajua.

Mwisho wa Oktoba mwaka huo majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka. Amin akatangaza kuwa nchi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni yake, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Kwetu si mara ya kwanza kuuona mkono wake, maana Septemba 1972 ndege zake ziliwahi kuangusha mabomu Bukoba na hapa Mwanza. Lakini safari hii ilikuwa vita. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akasema redioni kwamba uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na nadhani hakuna mtu wa rika langu asiyekumbuka alikuwa amekaa wapi aliposikia maneno yale. Siku ya tatu binamu akaandikisha jina lake kwenye mgambo.

Upande huu wa nchi brigedi ya 202 ndiyo pekee iliyokuwa tayari. Zilizobaki zilitoka mbali. Mwanza ni mwisho wa reli tangu mwaka 1928, kwa hiyo mji wetu ukawa mlango wa vita. Watu na mizigo walishuka stesheni, wakapakiwa malori ama meli. Usiku taa zilizimwa, madirisha yakafunikwa mablanketi, kila kaya ikachimba handaki uani. Katika majuma machache jeshi letu, lililokuwa na watu pungufu ya 40,000, likapita 150,000, na kiasi cha 40,000 kati yao walikuwa mgambo: wakulima, wavuvi, mafundi, makarani.

Mtu aliyewafundisha mgambo wa upande wetu kushika bunduki za mti alikuwa mjomba. Hakuitwa na mtu. Alikwenda mwenyewe uwanjani alfajiri akitoka lindo, akamkuta kijana anawafundisha kugeuka nyuma vibaya, akamsogeza kando kwa adabu. Kutwa nzima sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Mwanawe alikuwa mstari wa pili.

Usiku wa kuamkia safari, binamu alimwuliza baba yake mbele yangu, "Baba, mlifanya vile kwa nini?" Nilitaka ardhi inimeze. Mjomba alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akasema, "Mwanangu, tulikuwa na neno la haki tukalisema kwa bunduki. Neno la haki likisemwa kwa bunduki, linalosikika ni bunduki tu." Halafu akaanza kumfundisha namna ya kufunga soksi miguu isitoke malengelenge. Ndiyo yaliyokuwa maagano yao.

Binamu alituandikia mara tatu. Barua ya mwisho ilitoka Masaka, mji uliotekwa Februari 1979. Alikuwa katika brigedi ya 201, ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa mgambo wasiowahi kuona vita. Hakutueleza Lukaya, lakini sasa Lukaya inajulikana. Usiku wa tarehe 10 Machi, kando ya kinamasi, Walibya na askari wa Amin waliwamiminia maroketi ya Katyusha, na vijana wale wakatawanyika gizani. Kesho yake wakakusanywa, brigedi ya 208 ikazunguka ubavuni, wakarudi wote pamoja na kushinda. Nimefikiri sana juu ya usiku ule. Mtu aliyekimbia usiku na kurudi asubuhi tumwite nani? Vitabu vya vita huandika kwamba brigedi ilirudi nyuma, brigedi ikasonga mbele. Lakini brigedi haina miguu. Miguu ilikuwa ya kina binamu, ile iliyofundishwa kufunga soksi uwanjani kwetu.

Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Tukacheza ngoma mpaka asubuhi. Tarehe 3 Juni vita vikaisha kabisa. Mwezi wa Julai wakaja watu wawili nyumbani kwa mjomba, wakavua kofia mlangoni. Binamu hakufa kwa risasi. Lori alilokuwa akilitengeneza njiani, kwa ule ufundi wake, lilirudi nyuma likamkandamiza. Vita vyetu, kama vita vingine vingi, viliua wengi kwa ajali na maradhi ambao hakuna adui anayeweza kujisifia.

Nchi ikaambiwa ifunge mkanda miezi kumi na minane. Miezi ile ikawa miaka. Tukapanga foleni za sabuni na sukari, tukavaa viraka, na habari za Saanane zikawa mojawapo ya vichekesho vyetu vichache. Mjomba aliposikia watu wanacheka aliondoka taratibu. Nadhani kwake hata bomu lililokosa shabaha lilikuwa limempata mtu fulani.

Na mimi? Kwa miaka tisa sikuweza kumwambia kilichonikaa rohoni: kwamba binamu hakuandikisha jina kwa ajili ya Amin peke yake. Alikwenda kuifuta aibu niliyoimwaga mimi mezani, mbele ya sahani ya furu.

Mwaka 1988 mjomba alinituma nimsindikize Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wetu, ambako wamelala zaidi ya 600. Tulipanda MV Victoria jioni. Usiku hakulala, alikaa sitaha akitazama taa za wavuvi wa dagaa zilizotapakaa ziwani kama mji mwingine. Nikaona hapo ndipo pa kusema. Nikamwambia yote. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, wewe ulisema kweli bila adabu. Mimi nilikuwa na adabu bila kusema kweli. Yeye alistahili kuisikia kutoka kwangu, si kwako." Hakuniambia kuwa sina kosa, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Kaboya tulipokewa na askari kijana aliyekuwa zamu. Akatuongoza kati ya mistari. Mjomba aliposimama kwenye kaburi la mwanawe alibana visigino, akapiga saluti ya kizamani, kiganja kikitazama mbele, kama Waingereza walivyomfunza. Askari aliona. Akamwuliza kwa heshima, "Mzee ulikuwa kikosi gani?"

Kwa miaka 24 nilikuwa nimemsikia akijibu swali la namna hii kwa kusema, "Mimi mlinzi tu." Safari hii alinyoosha mgongo. "Kikosi cha Pili, Tabora. Tuliasi, tukafukuzwa."

Yule kijana hakushtuka. Akasema, "Hata mimi nimetoka Tabora mzee, brigedi ya 202." Mjomba akamtazama, akafikiri, kisha akamwuliza kama ile miembe ya kambini bado ipo. "Ipo mzee. Wakati wake tunashiba." Wakasimama pale wakizungumza habari za miembe, kisima na vumbi la uwanja wa gwaride, mzee na kijana, juu ya kaburi la yule aliyekuwa katikati yao kwa umri. Mimi nilisogea pembeni nikawaachia nafasi.

Mjomba alifariki baada ya miaka michache, bila pensheni wala nishani. Oktoba 2024 alifariki Jenerali David Msuguri, mzaliwa wa Butiama, pwani hiihii ya ziwa, akiwa amepita miaka 100. Yeye aliingia Keya mwaka 1942, akapigana Madagaska, akaongoza Divisheni ya 20 mpaka Kampala, kisha akawa mkuu wa majeshi. Nilisoma habari za mazishi yake kwa moyo wa shukrani, nikamkumbuka na mtu mwingine wa Keya, aliyetokea mlango huohuo, akateleza njiani, kisha akarudi kwa mlango wa nyuma kufundisha wana wa wenzake namna ya kufunga soksi. Historia ya jeshi inawajua watu wa namna ya kwanza. Wa namna ya pili wanajulikana na nani, kama si sisi tuliokula nao?

Wajukuu wangu huniomba niwapeleke Saanane, ambayo tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa. Wakiwaona swala, huwasimulia habari za ile ndege, nao hucheka. Siwakatazi. Nikimaliza huwaambia pia jina la binamu yangu, na kikosi cha babu yake.